Rekodi ya Juu Kabisa

Ukishuka stesheni ya Itigi ukauliza nyumba ya mama anayeuza asali isiyochanganywa na kitu, utaonyeshwa kwa Agripina. Ni mwanamke mrefu, mchache wa maneno, ambaye akikasirika hapandishi sauti. Anachukua ufagio na kufagia uwanja, hata kama umeshafagiwa asubuhi. Asali anayouza siku hizi anainunua kwa watu. Zamani ilikuwa ya mumewe, Leonidas, aliyekuwa na mizinga yake ndani ya vichaka vya nyuma ya mji, vile vilivyoshonana mpaka mbuzi akiingia unahesabu kwamba ameshapotea.

Leonidas akienda kurina alikuwa anakaa porini majuma mazima. Huko mtandao haukamati hata upande juu ya mti, naye alipanda miti mingi. Alikuwa na kitochi cha kupigia watu akiwa mjini, lakini porini alibeba simu nyingine, simu kubwa ya kioo aliyoinunua mnadani ikiwa imeshapita mikononi mwa watu wengine. Haikuwa na laini. Aliipenda kwa jambo moja tu, kwamba inarekodi sauti.

Agripina hakusoma. Anajua kuandika jina lake, basi. Kwa hiyo kila jioni Leonidas akishakula alijitenga na wenzake wa kambini, akakaa juu ya gogo, akamsimulia mkewe mambo ya siku hiyo ndani ya ile simu. Akirudi nyumbani anaoga, anapewa chai, wanakaa jikoni wawili, anaifungua simu na kuzicheza rekodi moja baada ya nyingine. Mwenyewe akisikiliza maneno yake utadhani ni ya mtu mwingine. Anacheka pale alipochekesha, anatikisa kichwa pale alipolalamika. Agripina naye anajibu. "Mbuzi ameshazaa," anaiambia simu, na mwenye simu amekaa pembeni yake anakunywa chai. Ulikuwa upuuzi wao wawili, na nani asiye na upuuzi wake na mtu wake.

Simu aliifunga kwa pateni, ule mchoro wa kuunganisha vidoti kwa kidole, kwa sababu vijana wa kambini walikuwa wanaichezea na siku moja wakamfutia rekodi. Agripina alimwona akiuchora mchoro ule mara chungu nzima, na hata mara moja hakuufuatilia. Aufuatilie wa nini? Mwenye kufungua alikuwepo.

Safari ya mwisho Leonidas hakurudi kwa miguu yake. Wenzake walimleta wamemkalisha kwenye baiskeli, wanaisukuma, homa imempanda kichwani. Hakuoga, hakunywa chai. Alipelekwa hospitali akiongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akafia huko. Gerald, mtoto wao pekee, ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu huko Dodoma. Alipofika Itigi baba yake alikuwa ameshazikwa.

Na baba na mtoto hawakuwa sawa, hilo nalo lijulikane. Leonidas alitaka kijana arithi mizinga, kijana akasema nyuki hawawezi. Tangu hapo walikuwa wanasalimiana kwenye simu tu, shikamoo, marahaba, halafu simu inahamia kwa mama. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Walinyamaziana tu, kila mmoja akidhani muda upo.

Arobaini ilipofika ukoo ulikaa kugawana vitu vya marehemu, kama ilivyo kawaida. Koti likaenda kwa huyu, panga na kamba ya kupandia miti vikaenda kwa yule. Bonifasi, mdogo wake Leonidas, aliyekuwa naye kambini miaka yote, akauliza, "Shemeji, na ile simu kubwa ya kaka?"

"Ilipotelea hospitali," alisema Agripina.

Ilikuwa ndani ya pipa la unga. Huyu ni mwanamke anayesali rozari kila siku, na alidanganya mbele ya ukoo mzima, na mbele ya mtoto wake, bila kupepesa jicho. Tusiharakishe kumlaumu. Bonifasi angeipeleka kwa fundi ikafutwa yote akawekewa nyimbo. Na hata kama asingeifuta, wazee walishasema siku ile ile kwamba aliyepumzika asisumbuliwe, na Agripina alijua wangekiitaje kitendo cha kujifungia jikoni na kumsikiliza marehemu. Akanyamaza, akawapikia, wakala, wakaondoka.

Ndani ya simu hiyo zilikuwamo rekodi za safari ile ya mwisho. Hawakupata nafasi ya kuzisikiliza pamoja. Mumewe alikuwa ameongea naye kila jioni mpaka homa ilipomshika, maneno yote yamekaa humo, na yeye hana pateni.

Aliipeleka kwa Kitwana, fundi simu mwenye kibanda karibu na stesheni. Kitwana hakumficha. "Mama, kuifungua naifungua sasa hivi. Ila itafutika yote, itakuwa tupu kama imetoka dukani." Agripina akaifunga ndani ya kitenge akaondoka. Siku nyingine akarudi, akakaa kwenye benchi, hakusema kitu. Akarudi tena. Mwishowe Kitwana alimwonea huruma, au alichoka kumwona pale, akaichukua ile simu na kuanza kuihangaikia kwa njia za pembeni.

Simu za zamani zina matundu yake, na hii ilikuwa na moja la ajabu. Ukiivuta alama ya kamera bila kuifungua simu, inakuruhusu upige picha. Hilo ni la kawaida. Lakini ukishapiga, ukaigusa picha, kisha ukagusa alama ya kutuma, simu ilikuwa inasahau kwamba imefungwa. Inakuingiza ndani, na humo ukigusa hapa na pale unafika kwenye rekodi.

"Ni kosa la waliotengeneza," Kitwana alimweleza. "Walishalirekebisha siku nyingi, ila hii haina laini, marekebisho hayajaifikia. Kwa hiyo usiiwekee laini, mama, na usiipe intaneti ya mtu. Siku ikifanya apdeti, njia hii imeziba."

"Sitaipa," alisema Agripina.

"Au nikuhamishie rekodi zako kwenye memori kadi? Ni kazi ndogo. Hata simu ikiharibika, sauti unayo."

Agripina aliangalia nje. Mlangoni kwa Kitwana palikuwa na spika kubwa, na vijana walikuwa wamejipanga na kadi zao wawekewe nyimbo, za kwaya na za dansi na nyingine zisizo na heshima, zote zinatoka kwenye kompyuta moja. Akaiona sauti ya mumewe inaingia kwenye kompyuta hiyo. Akaiona siku moja inatoka kwa bahati mbaya kwenye spika, Leonidas anauliza habari za mbuzi na stesheni nzima inacheka.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Iache humo humo ilimo."

Kitwana akasema haya, mama. Angemshikilia kidogo, labda angekubali. Lakini wateja walikuwa wamesimama, na mama mtu mzima akishasema hapana, kijana wa heshima hasemi mara ya pili.

Basi Agripina akawa na siri yake. Mchana, majirani wakiwa shambani, anafunga mlango wa jikoni, anaitoa simu kwenye unga, anaipangusa, anapiga picha yoyote iliyo mbele yake, anagusa, anagusa, anaingia. Alikuwa anasikiliza rekodi moja na kuirudia kwa siku nyingi kabla ya kwenda nyingine. Leonidas alikuwa anasema wamekula ugali wa uwele na mlenda wa porini. Alikuwa anasema Bonifasi ameumwa na nyuki mdomoni, amevimba, leo kambi imepumzika matusi. Alikuwa anauliza kama jirani amerudisha jembe. Wakati mwingine anasahau alichotaka kusema, anabaki anapumua, na nyuma yake njiwa wanalia. Agripina alizipenda zile pumzi kuliko hata maneno. "Jembe amelirudisha," anamwambia, "limepinda."

Kuna kitu kimoja Leonidas hakukisema. Katika rekodi zote alizozisikia, jina la Gerald halikutajwa. Alimtaja mbuzi, akamtaja padri, akamtaja hata marehemu mama yake, mtoto wake hakumtaja. Agripina kila akimaliza moja bila jina hilo alijiambia labda inayofuata.

Mwisho ikabaki moja. Kitwana alikuwa amemwonyesha kwamba rekodi mpya ndiyo inayokaa juu. Hiyo ya juu kabisa ilikuwa ndefu kuliko zote, na ilikuwa ya jioni ya kuamkia siku aliyougua. Agripina hakuigusa. Aliwahi kuikaribia na kidole kikarudi chenyewe. Maadamu hajaisikia, baba Gerald alikuwa bado ana jambo la kumwambia, na mke ambaye mumewe bado ana jambo la kumwambia si mjane kabisa. Ndivyo alivyofikiri. Alipanga kuisikiliza siku atakayozidiwa, na kila siku ngumu ilipofika aliona si ngumu kiasi hicho. Akawa anarudia zile za chini.

Gerald alikuja Krismasi, na mkate na shati jipya, na akamkuta mama ameshika ile simu.

"Shikamoo mama. Simu hii umeitoa wapi?"

"Marahaba. Nilinunua mnadani. Naangalizia saa."

Gerald hakuwahi kuiona simu ya baba yake kwa karibu, akaamini. Na mtu anayeangalizia saa kwenye simu haulizwi zaidi. Kijana alikuwa mpole siku hizo, mpole kupita kawaida yake. Alipasua kuni zisizohitajika, alikwenda makaburini peke yake akarudi macho mekundu. Mama aliyaona yote, ila neno la baba yake la kumpa hakuwa nalo.

Siku moja Agripina alikwenda kwenye sala ya jumuiya, akaiacha simu juu ya kinu. Kuku walikuwa wanagombana uwanjani kwa namna ya kuchekesha. Gerald akaichukua simu iliyokuwa karibu awapige picha. Akavuta kamera, akapiga, akaigusa picha aione vizuri, akagusa pa kutuma apate kujitumia, na akajikuta yuko ndani ya simu ambayo imefungwa.

Akashtuka. Kazi yake imemfundisha kuogopa. Kila siku wanakuja kibandani kwake watu wanaolia, wameibiwa simu jioni, asubuhi mwizi ameshaingia ameshabeba kila kilichomo. Akamwona mama yake katika watu hao. Akaangalia zaidi, akakuta picha nyingi mno za kijinga: kidole gumba cha mguu wa mama, jiwe la jikoni, mkia wa kuku, kidole gumba tena. Akacheka peke yake, akadhani mama anajifunza kupiga picha. Rekodi hakuzigusa, hakuwa kijana wa kupekua. Pateni hakuiuliza, alidhani mama anaijua. Ni nani anayetembea na kufuli asilo na ufunguo wake. Akaipa simu intaneti kutoka kwenye yake, akatafuta marekebisho, akayakuta yamejipanga yanasubiri. Akabonyeza. Ilichukua muda mrefu, simu ikazima ikawaka, ikazima tena ikawaka, naye akakaa karibu nayo wakati wote akiipepea kwa kipande cha boksi isipate moto. Aliifanya kazi ile kwa upendo, na hilo ndilo linaloniumiza kila nikiisimulia habari hii.

Agripina aliporudi alimkuta anatabasamu.

"Mama, simu yako ilikuwa wazi. Mtu yeyote angeingia kwa kupitia kwenye kamera. Nimeifanyia apdeti, sasa iko salama."

Neno lile alilijua. Kitwana alikuwa amelitamka mara moja tu, na lilikuwa limemkaa. Akaweka rozari chini, akaichukua simu. Akapiga picha. Akaigusa. Akagusa pa kutuma. Vidoti vikatokea, vimejipanga, vinasubiri mchoro. Akarudia, na vidoti vikatokea. Akajaribu akiwa amesimama, akajaribu akiwa amekaa, kama kwamba simu inajua tofauti. Kisha akaiweka juu ya kinu pale pale ilipokuwa, akachukua ufagio akaanza kufagia uwanja.

"Mama," Gerald alisema nyuma yake. "Umesahau pateni?"

"Sikuwahi kuijua."

"Sasa ulikuwa unaifunguaje?"

"Kwa hapo ulipopaziba."

Gerald alisimama asielewe. Kisha akauliza polepole simu ni ya nani, na Agripina, akiendelea kufagia, akamwambia ni ya baba yako. Akamweleza yote, habari ya gogo na ya chai jikoni, ya pipa la unga, ya kibanda cha Kitwana. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei. Gerald alikwenda kuichukua simu na kuanza kuchora herufi zote alizodhani baba yake angezichagua, ya jina lake, ya jina la mama, ya Gerald mwenyewe. Simu ikamwambia asubiri. Akajaribu tena, ikamwambia asubiri zaidi. Mama akamshika mkono. "Acha, mwanangu. Usiichokoze."

Asubuhi walikwenda wote wawili kwa Kitwana. Fundi aliipokea, akapita njia yake ya zamani, akaipita mara ya pili, akainua macho akamtazama kijana, akaelewa. Hakukumbusha habari ya memori kadi. Nampa heshima yake kwa hilo.

"Pamezibwa, mama," alisema. "Sasa imebaki ile njia ya kwanza niliyokwambia. Inafunguka, ila tupu."

"Tupu siitaki," alisema Agripina, akanyoosha mkono akarudishiwa simu yake.

Walirudi kwa njia ya kando ya reli. Gerald alikuwa analia waziwazi, mwanaume mzima na shati lake la Krismasi, na watu waliopita waliwasalimia wakaangalia pembeni. "Kwa nini hukuniambia, mama?" alisema.

"Ningekwambia wakati gani? Wewe ulikuwepo nilipowadanganya."

Agripina hakuwa na hasira naye. Alikuwa anaitafuta hasira kabisa, maana ingemsaidia, na haikuja. Alimwona tu mtoto wake, amekuja amechelewa kumzika baba, na sasa amemzika mara ya pili kwa mkono wake.

"Ulikuwa umeshazisikia zote?" Gerald aliuliza.

Agripina alitazama mbele. "Zote," alisema. "Nilishazisikia zote. Nilikuwa narudia tu."

Kijana alishusha pumzi. Walipofika panapovuka barabara akasimama, na akauliza lile alilokuwa analizunguka tangu jana. "Alinitaja?"

"Alikutaja."

"Wapi?"

"Kwenye ile ya mwisho. Ile ndefu." Na sasa ilikuwa lazima aendelee. Akaendelea kwa Kiswahili kile kile cha Leonidas, kizito, cha mtu aliyekulia kwenye Kinyaturu, na kwa kusitasita kwake. "Alisema asali ya safari hii ni nzuri, nikutengee ndoo moja nikupelekee Dodoma, maana huko mnauziwa sukari. Akasema nyuki si wa kila mtu, alikuwa anakulazimisha bure. Halafu akasahau alichotaka kusema, unamjua baba yako, akakaa kimya. Halafu akasema, mwambie Gerald sina kinyongo naye. Mwambie aje."

Gerald alicheka huku machozi yanamtoka. "Akasahau alichotaka kusema," alirudia.

"Akabaki anapumua tu."

"Hebu sema tena, mama. Tangu mwanzo."

Akasema tena tangu mwanzo, polepole, akiogopa kubadilisha neno.

Gerald alipanda treni siku chache baadaye, uso umefunguka, amebeba ndoo ya asali ambayo mama yake aliinunua kwa mtu. Alimpungia mkono dirishani mpaka treni ikaondoka. Agripina alirudi nyumbani, akafunga mlango wa jikoni, akakaa, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu njia ya simu ile izibwe, kwa sababu alikuwa anatamani mno kujua mumewe alisema nini.